Kuhusu Makinda Wawili Wasiokuwepo Wanaotakiwa Kuondoka Jumamosi

Kwa Katibu,
Chama cha Wafuga Njiwa,
Ghorofa ya chini, mlango wa kijani.

Kutoka kwa Mwanachama Na. 7,
Ghorofa ya tatu na paa lake, jengo hilohilo.

Jumatano, tarehe 2

Ndugu Katibu,

Naandika kama mwanachama, si kama shemeji. Shemeji yako nimemwacha nje ya barua hii, amevua viatu na anasubiri. Tukimaliza ya chama ataingia kukusalimu. Najua ningeweza kushuka ngazi thelathini na nane nikayasema haya uso kwa uso, lakini mara ya mwisho nilipofanya hivyo uliniambia niyalete kwa maandishi, nakala tatu. Nimeyaleta. Nakala mbili zimekwenda asubuhi hii kwa wajumbe wenzako wawili wa kamati, yaani Mwenyekiti wetu mwenye bucha na Mjumbe wetu kinyozi. Hii ya tatu ni yako.

Jumapili tarehe 29 nilikuta notisi yako chini ya mlango wangu. Inasema, kwa ule mwandiko wako mzuri wa ualimu, kwamba ninao makinda wawili wasio na pete ya mguu. Kwamba kinda asiyevishwa pete ya chama ndani ya siku nane za kuanguliwa “chama hakimtambui, na kwa chama ni kama hayupo”. Na kwamba wawili hao waondolewe bandani ifikapo Jumamosi tarehe 5, saa nne asubuhi, la sivyo kamati itapanda kuwachukua. Hukuandika watapelekwa wapi. Hukuhitaji kuandika. Mwenyekiti ana bucha.

Mimi si mtu wa maneno mengi. Ufundi bomba niliuanza na spana moja ya kuazima, ambayo mwenyewe aliifuata kila jioni kama mtoto anayefuatwa shule. Leo nina karakana yenye milango miwili na spana kumi na tisa, zote zangu, na hata gizani najua ipi iko wapi. Sikusoma kufika ulikofika wewe, lakini kuhesabu najua, na hesabu ya notisi yako inavuja. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu mguu wa kinda.

Hili naliandika kwa faida ya Mjumbe kinyozi, aliyejiunga juzijuzi na bado anadhani pete ya njiwa hufungwa kama saa ya mkononi. Pete ya chama haina mahali pa kufungua. Ni duara zima la aluminiamu, milimita nane kwa ndani. Unamshika kinda akiwa na siku saba, unavikusanya vidole vitatu vya mbele, unavipitisha kwa pamoja, unaivuta pete juu huku kidole cha nyuma kimelala sambamba na mguu, kisha unakichomoa kile kidole taratibu kwa njiti ya kiberiti. Basi. Ukimvisha siku ya nne, pete inaingia bila shida na kutoka bila shida. Kesho yake unaiokota kwenye kinyesi. Ukingoja siku ya kumi, mguu umenenepa na pete haipiti tena mpaka mwisho wa maisha yake. Ndiyo maana pete ni ushahidi: aliyenayo alivishwa utotoni, na aliyemvisha alikuwepo.

Makinda wangu walianguliwa Jumatatu tarehe 2 na Jumanne tarehe 3 ya mwezi uliopita. Wa kwanza anaitwa Tangulia na wa pili anaitwa Nakuja. Majina hayo aliwapa mama mkwe wangu, yaani mama yako mzazi, naye nitamfikia. Taarifa niliileta kwa maandishi Jumanne hiyohiyo. Siku zao za pete zilikuwa tarehe 9 na tarehe 10. Tarehe 9 nilinawa mikono, nikakaa bandani na njiti ya kiberiti mdomoni, nikangoja pete. Tarehe 10 vilevile, njiti nyingine. Tarehe 11 nikashuka kukuuliza, ukanijibu kwamba samaki mkunje angali mbichi. Ndugu Katibu, samaki alikuwepo, tena mbichi kabisa. Kilichokosekana ni cha kumkunjia.

Siku ya kumi na mbili niliazima pete kuukuu ya jirani nikajaribu kwa sabuni. Tangulia alinitazama jicho moja, kama mteja anayemwona fundi anachukua nyundo. Nikaacha. Mguu wa njiwa si bomba. Ukiupasua, hakuna duka la kununua mwingine.

2. Kuhusu bahasha.

Notisi yako inadai kwamba pete namba 213 na 214 nilikabidhiwa Jumamosi tarehe 7, jikoni kwako, ndani ya bahasha, na kwamba chama hakitoi pete mara mbili kwa sababu namba moja ni ya mguu mmoja. Ni kweli Jumamosi hiyo nilikuwa jikoni kwako. Nilikuwa nimelala chali sakafuni, kichwa ndani ya kabati la sinki, tochi mdomoni, nikitafuta mahali mafundi wawili waliotangulia walipouficha mfungo wa maji. Nilikuwa nakutengenezea koki ambayo mpini wake ulicheza kama jino la mzee na maji yake yalidondosha mchana kutwa. Mafundi wale iliwashinda. Mimi niliimaliza kwa dakika arobaini, kwa vitu vilivyokuwamo sandukuni mwangu, na leo ni siku ya ishirini na tano haijadondosha tone. Muulize mke wako.

Huyohuyo mke wako anasema alikuona ukiiweka bahasha juu ya sanduku langu, pembeni ya ndoo. Mimi simwiti shemeji yangu mwongo. Nasema tu kwamba sanduku langu lina vyumba kumi na viwili, kila kitu na chumba chake, na mtu anayejua zilipo spana kumi na tisa hawezi kupoteza pete mbili. Kama bahasha ilikuwepo, ilitembea kwa miguu yake. Na kama ilitembea, basi ilikuwa imetoka jikoni kwa Katibu, si kwa fundi. Uzembe una anwani, Ndugu Katibu, na mlango wake ni wa kijani.

3. Kuhusu shuka.

Tarehe 20 uliniletea barua nyingine, ya kulalamika kwamba “njiwa wako kumi na wanne” wamechafua shuka mbili nyeupe zilizoanikwa uani, madoa tisa. Nimelifanyia kazi lalamiko hilo. Juu ya jengo hili na uani kwake kuna njiwa ishirini na watano: wangu kumi na wanne, wako kumi na mmoja. Tangulia na Nakuja ni wawili kati ya ishirini na watano, yaani asilimia nane. Asilimia nane ya madoa tisa ni doa sifuri nukta saba mbili. Doa zima halijafika. Tena siku hiyo walikuwa na siku kumi na nane na kumi na saba, hawajui hata kusimama ukingoni mwa kiota, na kiota kinatazama barabarani. Ili wafikie shuka zako ingebidi wapige kona mbili.

Njiwa wako kumi na mmoja, wanaolala hatua nne kutoka kwenye kamba ile ya nguo, sijaona popote walipoandikiwa barua.

4. Kuhusu kuwepo na kutokuwepo.

Hapa naomba usome polepole. Kwenye daftari la chama, banda langu lina njiwa kumi na wawili. Kwenye barua ya shuka, lina kumi na wanne. Kumbe Tangulia na Nakuja hawapo wakati wa kuandikishwa mashindano, hawapo wakati daktari wa mifugo anapokuja kuchanja, ila wakati wa kuulizwa nani kachafua shuka wapo, tena wamehesabiwa wote wawili. Binadamu wa namna hiyo nimewahi kuwaona, lakini njiwa sikujua kama na wao yamewafika.

Naomba kamati ichague. Kama wawili hao hawapo, basi hakuna wa kuondolewa Jumamosi. Ninyi pandeni tu, saa nne, ngazi thelathini na nane, mjaze hewa kwenye kapu, mtie sahihi kwamba mmechukua wawili wasiokuwepo, mshuke salama. Nitawashikia mlango. Kama wapo, basi wavisheni pete. Lakini kumwambia mtu hayupo kisha kumwambia aondoke, hilo hata mwenye nyumba wangu wa zamani hakuwahi kunifanyia, na yule alikuwa ananing’olea mlango.

Usidhani sizipendi kanuni. Kanuni ya 9, kwamba njiwa ni wa yule ambaye pete imeandikishwa kwa jina lake, na akikutwa kwa mwingine itolewe taarifa ndani ya siku saba, naijua kwa moyo. Mwaka jana dume wako alipohamia kwangu kwa sababu za mapenzi, nilisoma pete, nikatoa taarifa, nikakurudishia siku ya tatu, ingawa mwenyewe alionyesha wazi kwamba harudi kwa hiari.

5. Kuhusu mama.

Sasa namfikia. Mama anaishi kwetu mwaka wa sita huu, na kila asubuhi hupanda paani na kigoda chake. Tangu makinda hawa wafumbue macho, hukaa nao mapajani, mmoja huku mmoja huku, anawasimulia mambo yako ya utotoni. Nakwambia ili ujue kwamba wanajua mengi.

Jumapili nilipomsomea notisi, aliniomba nirudie pale pa siku nane. Nikarudia. Akauliza kama na yeye aondoke asubuhi au anaweza kusubiri mchana, maana Jumamosi hupenda kufua kwanza. Nikamuuliza aondoke kwa lipi. Akanikumbusha kwamba yeye hakuandikishwa siku ya nane wala ya themanini. Alipoandikishwa alikuwa ana watoto wanne. Karani alimtazama kutoka juu hadi chini, akamkadiria kama anavyokadiriwa mbuzi mnadani, akamwandikia tarehe mosi Januari na mwaka uliomjia kichwani.

Nilicheka, Ndugu Katibu, kisha nikachukua kalamu, na kicheko kikaniishia. Hebu tufuate kanuni yako inakokwenda. Asiyeandikishwa kwa wakati hatambuliki, na asiyetambulika ni kama hayupo. Mama hakuandikishwa kwa wakati. Mama, basi, hayupo. Asiyekuwepo hawezi kuzaa. Wewe umezaliwa na mama. Nimejaribu kuipindua hesabu hii mara tatu na kila mara inatoa jibu lilelile: chama chetu hakina Katibu, na notisi ya tarehe 29 imetiwa sahihi na mtu ambaye mama yake bado hajaanza kuwepo. Na mke wangu je, ambaye mmezaliwa tumbo moja? Nimeoa hewa miaka kumi na minne, na hewa hiyo leo asubuhi imenigombeza kwa kuacha buti sebuleni.

Mimi na wewe tunaweza kulicheka hili. Mama hacheki. Amefunga kifurushi: kanga mbili, miwani, na kopo la mtama wa njiwa. Kimekaa karibu na mlango tangu Jumapili. Nikikisogeza, anakirudisha.

6. Kuhusu pete za kamati.

Kwa kuwa sitaki kulalamika bila kuleta suluhisho, nimeleta suluhisho. Haki ianzie juu. Nimekata vipande vinne vya bomba la maji machafu la inchi nne, nimevipiga msasa visikwaruze, na nimeviandika namba: 1 Mwenyekiti, 2 Katibu, 3 Mjumbe, 4 mimi mwenyewe, maana sipendekezi jambo ambalo sijalijaribu. Kwa kanuni yenu wenyewe, asiye na pete mguuni hatambuliki, na asiyetambulika hawezi kupiga kura ya kumwondoa mwingine. Naomba basi kabla ya kikao cha Jumamosi kila mmoja avue kiatu cha kulia avishwe. Bomba zima, bila kulipasua. Pete ya kufunguka, ile ya kufungwa kama saa, mlikataa kwa njiwa, kwa hiyo hata kwa kamati nimeikataa.

Nakuonya mapema kwamba kwangu halikupita. Vidole viliingia vizuri, lakini kisigino kiligoma, na sabuni haikusaidia. Nadhani nimechelewa. Kwa vipimo vyangu lingepita kwa urahisi nilipokuwa na miaka minane. Mwenyekiti, kwa mguu ule ninaoufahamu, alipitwa na wakati akiwa na mitano.

Kwa hiyo ikifika saa nne Jumamosi tutakuwa na kikao kisicho na mjumbe hata mmoja anayetambulika, cha chama kisicho na Katibu, kilichoitishwa kuwaondoa njiwa wasiokuwepo kutoka kwa mwanachama ambaye pete yake imekwama kwenye vidole. Mimi nitakuwepo. Yaani, kwa namna ya kusema.

Maombi yangu ni matatu na hayahitaji kikao. Kwanza, notisi ifutwe. Pili, Tangulia na Nakuja wavishwe pete za kufunguka na waandikwe daftarini kwa wino uleule wa wengine. Tatu, Katibu aombe radhi kwa maandishi kwa kumsingizia fundi kwamba alipewa bahasha, na nakala ibandikwe mlangoni pa karakana yangu, mlango wa kushoto, wenye watu wengi.

Nabaki mwanachama mwaminifu, niliyehudhuria vikao thelathini na kimoja kati ya thelathini na viwili. Kile kimoja mlikifanya bila kuniambia. Sasa shemeji yako anaingia: anakusalimu, anamsalimu mke wako na anamshukuru kwa chai ya siku ile, anawasalimu watoto kila mmoja kwa jina lake, bibi wa mlango wa pili, mlinzi wa lango na mguu wake unaouma, na njiwa wako wote kumi na mmoja, hasa yule dume. Dada yako anasema usisahau kurudisha sufuria.

Wako katika ufugaji,
Mwanachama Na. 7
Fundi Bomba

Baada ya sahihi: Bahasha ya barua hii nilikuwa nimeshailamba nilipomsikia mke wako ananiita kwa dirisha la uani. Mpini wa koki, alisema, umeanza kukaza. Nilishuka nikiwa na furaha, sikufichi, maana nilitaka barua na koki vikufikie siku moja, uone tofauti ya mtu anayefanya kazi na mtu anayeandika notisi. Nikafunga maji, nikatoa skrubu, nikainua mpini. Ilikuwa grisi tu iliyokauka. Chini ya grisi, moja juu ya nyingine, zimekaa kama zimezaliwa hapo, kulikuwa na washa mbili za kijani, vile viduara vya kuzuia mpini usicheze.

Sandukuni mwangu hamna washa za kijani. Nikazifuta kwa kidole gumba. 213. 214.

Nikafungua chumba cha washa nikakichimba mpaka chini. Bahasha imo, Shemeji. Ililowa kwa maji ya ile ndoo, ikapasuka tumbo, ikateremka yenyewe mahali pake, na mimi chali, tochi mdomoni, mkono umejaa grisi, nikapapasa nikapata mbili za milimita nane na kumshukuru Mungu. Mke wako alikuwa amesimama hapohapo. Aliitazama bahasha, akanitazama mimi, akaniuliza kama natia sukari. Sijawahi kunywa chai ndefu kama ile.

Kwa hiyo nafuta lalamiko la kwanza na la pili, na yote yanayoegemea juu yake, yaani hadi la sita. La tatu nalibakiza, kwa sababu hesabu ni hesabu. Vipande vya bomba mnaweza kupandia maua. Ile radhi ya mlango wa kushoto nitaiandika mimi. Nakala za wale wawili siwezi kuzirudisha, Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kuisoma ya kwake kwa sauti mbele ya wateja. Ukimwona kabla yangu, mwambie aanze na ukurasa wa mwisho.

Ila angalia hali ilivyo. Pete 213 na 214 zimeandikishwa kwa jina langu. Kwa Kanuni ya 9, njiwa wangu wawili, wanaotambulika kabisa, wako jikoni kwako siku ya ishirini na tano leo, na hujatoa taarifa. Sitaki kesi. Baki nao. Hawali, hawachafui shuka, na nilipojaribu kuwatoa koki ilianza tena kudondosha, ikabidi niwarudishe. Wewe chukua hao wawili wanaotambulika, mimi niachie wale wawili wasiokuwepo.

Mama nimemwambia umeshakubali. Amefungua kifurushi.